Mambo ya kuweka sawa kabla madoa hayajamaliza majani ya ng'ombe (wa Tabora na Kigoma)

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba inakata kwenye Aprili, alafu kiangazi chote ng'ombe anategemea ulichomwekea. Sasa fangasi wa majani nao wanaupenda msimu huohuo, kwaiyo haya mambo uyapange kabla, sio Machi shamba lishakuwa la njano ndo unamtafuta afisa ugani.

Kwanza ujue unapoteza nini, maana wengi wakiona shina bado limesimama wanasema malisho yapo. Chakula chenyewe kipo kwenye jani! Protini ya jani ni nyingi kuliko ya shina, kwenye lusina (alfalfa, malisho ya jamii ya kunde) inafika hata mara mbili na zaidi, na fangasi anaanza na jani, tena yale ya chini kwanza ambako umande unachelewa kukauka, jani linapigwa madoa, linakauka, linapukutika, unabaki na kijiti ambacho ng'ombe anatafuna tu bila faida kubwa. Karanga ndo mfano mzuri kwa watu wa Tabora. Yale madoa ya kahawia na meusi yanaweza kuanza mwezi hivi baada ya kupanda, na ukichelewa kung'oa unarudi nyumbani na mashina matupu, wakati majani ya karanga yakikaushwa vizuri ni malisho ya maana kweli.

Kabla ya kupanda angalia shamba lilikuwa na nini mwaka jana. Mabua ya mahindi yaliyolala juu ya ardhi yanatunza fangasi wa madoa ya kijivu mpaka mvua nyingine, kwaiyo lisha ng'ombe yakiwa bado mazuri au yafukie, na usirudie mahindi hapohapo kama una pa kuhamia. Karanga zilizojiotea zing'oe. Na usibananishe mistari, upepo upite. Wenzetu wa Kasulu na Buhigwe kule juu kwenye ubaridi waangalie zaidi yale mabaka marefu ya kijivu kwenye mahindi, yanapenda ubaridi na umande, huku kwenye joto kutu (ule ugonjwa wa fangasi wa vumbi la rangi ya kutu kwenye jani) nayo haikosi. Ukipata mbegu inayovumilia magonjwa nunua hiyo, waulize kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi, hapa Tabora, kama uko karibu.

Kuhusu dawa, mi kwa malisho siipi kipaumbele. Gharama inakula faida, na dawa ya fangasi ina siku za kusubiri kabla mnyama hajala, zimeandikwa kwenye kibandiko, zisome. Ila kuna tabia moja ya huku kwetu lazima niiseme: dawa iliyobaki ya tumbaku mtu anaenda kumwagia kwenye majani ya ng'ombe. Usifanye, kabisa. Haikuandikwa kwa zao hilo na maziwa unakunywa na wanao.

Dawa kubwa ni kukata mapema. Mabingobingo yakifika mita moja hivi kata, usingoje yawe msitu, ukiona madoa yanapanda kutoka majani ya chini ndo kabisa kata sasa, maana jani halitapona, kila wiki unayosubiri unapoteza tu. Shida yetu Tabora ni kwamba wakati huohuo watu wote wapo kwenye kuchuma na kukausha tumbaku, kwaiyo vibarua wa kukata malisho uwapange tangu Januari, la sivyo utabaki peke yako na panga lako.

Kama unatengeneza saileji (malisho mabichi yanayoshindiliwa na kufunikwa bila hewa yachachuke) kuna kitu hakisemwi sana. Mahindi yaliyougua yanakauka haraka na sukari inapungua, ukiyakata makavu hayashindiliki, hewa inabaki ndani na ukungu unapata makazi. Kwaiyo shamba likiumwa wahi, katakata vipande vidogo vya sentimita 2 hivi, kanyaga mpaka miguu ikuume, funika nailoni isitoboke, turubai peke yake halitoshi.

Hei (majani yaliyokaushwa) nayo usiweke stoo mbichi. Sokota kishungi, shina likipinda bila kuvunjika bado haijakauka. Ikianza kupata moto ndani au kunuka uvundo, hapo sasa sio madoa ya shambani tena, ni ukungu wa stoo, na baadhi unatoa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, mojawapo ni aflatoksini. Ng'ombe akila hiyo aflatoksini sehemu yake inatokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Hei yenye kutu kawaida haiui lakini vumbi lake linakohoza na ng'ombe anaisusa.

Wachache wenye lusina nyie mna la ziada: ikiugua madoa inaongeza kemikali zinazofanana na homoni za jike, mtamba anaweza kusumbua kushika mimba. Kama ndo unakaribia kupandisha, mpe majani mengine kwanza.