Jinsi ya kujua "sit" ina maana gani kwenye sentensi

Ukikutana na "sit" ya Kiingereza usikimbilie kuwaza kiti, angalia kwanza nani anayesit na neno gani linafuata, maana huwa imejificha hapo. Kuku akiwa "sitting" ujue anaatamia mayai, mahakama ikisit ina kikao, na koti likisit vizuri ni ileile tunayosema limemkaa. Yani "kaa" yetu inasaidia sana, ila isikuponze, ya kwetu inabeba mpaka kuishi na ya kwao haibebi, kwa hiyo ukitaka kusema unakaa London andika "I live in London", ukiandika "I sit" watakushangaa tu.

"Sit an exam" ni kufanya mtihani, hiyo ni ya Waingereza zaidi, Mmarekani atakwambia "take". Na kusit sio kufaulu, usije ukasoma mtu amesit ukaanza kumpongeza.

Kazi kubwa iko kwenye vile vineno vidogo vya nyuma. Chukua "she is sitting on it". Kama kabla yake wametaja kamati, basi dada ni mjumbe. Kama wametaja ripoti, basi kaikalia, hataki itoke, vile wakubwa wanavyokalia mafaili. Sentensi ni moja na hakuna kilichobadilika ndani yake, kwa hiyo rudi nyuma mstari mmoja usome tena. "Sit up" ni kuinuka ukae wima au kukesha, "sit out" ni kutoshiriki, "sit in on" ni kuingia kusikiliza tu, alafu "sit through" ni kuvumilia mpaka mwisho (na hicho kitu mara nyingi kinaboa balaa).

Ikija kama "sitting president" ni rais aliyepo madarakani, hata kama mda huo amesimama anahutubia. Tafsiri za haraka haraka zinaboronga sana hapa, utasoma eti rais aliyeketi. Kwenye mpira nako "he missed a sitter" ni kakosa goli la wazi kabisa, wakati "babysitter" ni mtu wa kuangalia mtoto kwa mda wazazi wakitoka, hawa wawili hawahusiani.

Alafu kuna "set", hii inawachapa wengi kwenye kuandika. "Set" ni kuweka kitu na haibadiliki wakati uliopita, "sit" inageuka "sat", so nilikaa chini ni "I sat down", sio "I set down".