Mtandao Hamna! Maneno ya Neti ya Kuyajua Kabla Hujampigia Fundi

Juzi kati kaja mama mmoja pale dukani kwangu Kirumba, Mwanza, nina kasteshenari kadogo na simu mbili tatu za kuuza, yeye anauza dagaa Mwaloni. Kaniwekea simu mezani kwa kishindo, "Mwanangu, hii simu uliyoniuzia imekufa, mtandao hamna tangu asubuhi na wateja wangu wa Kahama wananitafuta WhatsApp." Shikamoo mama, marahaba, hebu tuone. Naangalia, mistari ya waifai imejaa yote lakini pembeni yake kuna alama ya mshangao, kidogo kweli kama hujakodoa hukioni. Nyuma yake kasimama mjukuu, simu mkononi, kawasha hotispoti na bando lake limeisha. Simu ya bibi ilikuwa imejishikiza kwenye hotispoti ya mjukuu na imeng'ang'ania hapohapo, wakati bando la bibi mwenyewe lipo! Nikazima waifai, meseji zikaanza kumwagika ti ti ti mpaka mama akacheka.

Sasa hapo ndo nikaona niandike hii kitu, maana kusema "mtandao hamna" ni sawa na kwenda Bugando ukamwambia daktari "naumwa" halafu unyamaze. Unaumwa wapi? Kutoka kwenye simu yako mpaka huko WhatsApp inakoishi kuna vituo kama vitano sita, na kimoja kikifa wewe unaona kitu kilekile tu, kaduara kanazunguka. Ukijua majina ya vituo unajua pa kushika.

Tuanze na hili linalowachanganya wengi. Waifai sio intaneti. Waifai (usichanganye na wifi yako dada wa mumeo, huyo akikata mawasiliano hamna kifaa cha kuzima na kuwasha) ni kamba tu isiyoonekana kati ya simu yako na rauta, kile kiboksi cha kugawa neti. Intaneti iko upande wa pili wa rauta. Kwahiyo mistari ikijaa maana yake uko karibu na rauta, basi, haikwambii chochote kuhusu rauta yenyewe kama imefika nje au la. Ule mshangao ndo unakwambia, kamba ipo ila ng'ombe hayupo.

Na kwa sisi wa Mwanza kuna jambo la mawe. Waifai ni mawimbi ya redio na mawimbi hayapendi jiwe wala zege. Nina jamaa kajenga Mabatini kule juu, chumba cha nyuma kimeegemea mwamba mkubwa kuliko nyumba, rauta kaweka sebuleni, af analalamika chumbani haishiki. Rauta nyingi za sa hivi zinatoa mawimbi ya aina mbili, utaona majina mawili yanafanana moja limeandikwa 5G mwishoni, hiyo 5G ya rauta ni gigahezi 5 na haihusiani kabisa na 5G ya laini ya simu. Ya gigahezi 5 ina kasi lakini ukuta unaishinda, ya 2.4 ni ya polepole kidogo ila inapenya zaidi. Ukiwa mbali chukua ya 2.4, na rauta iweke juu ya kabati katikati ya nyumba, sio nyuma ya tv.

Rauta yenyewe ni kile kiboksi chenye antena, kazi yake kupokea na kugawa. Kama una faiba, ule waya mwembamba unaopitisha mwanga badala ya umeme, basi kuna kiboksi kinachobadilisha mwanga kuwa data, saa nyingine kimeunganishwa humohumo kwenye rauta. Hicho kina taa imeandikwa LOS, ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, waya umekatika au umekunjwa au umechomoka. Hapo hata ufanye nini ndani ya nyumba hutengenezi kitu, ni kazi ya kampuni. Ila kabla hujapiga simu angalia plagi zote jamani. Mimi niliwahi kukaa bila neti siku nzima, nimegomba na watu kwenye simu, kumbe dada aliyekuwa anafagia kachomoa kebo kwa fagio, nusu sentimita tu. Niliona aibu hata kuwaambia imerudi.

Haya, anwani ya IP. Hapa watu huwa wanakimbia lakini ni rahisi kama ulisoma shule ya bweni enzi za barua. Si unakumbuka, huna sanduku lako la posta, barua inaandikwa jina lako halafu S.L.P. ya shule. Posta hawakujui wewe, wanaijua shule. Barua ikifika mwalimu wa zamu anasimama mstarini anaita majina. Basi rauta ndo mwalimu wa zamu. Huko nje nyumba yenu nzima inajulikana kwa namba moja, hiyo ndo IP ya nje, yaani S.L.P. Ndani kila kifaa kina namba yake, mara nyingi inaanza na 192.168, na hiyo haina maana yoyote nje ya geti, kama vile Juma wa Form Two B alivyo wengi nchi nzima. Ndo maana nyumba yako na ya jirani zote zinaweza kuwa na 192.168.1.5 na hamgombani. Walifanya hivi kwa sababu zile namba za zamani ziko kama bilioni 4.3 tu dunia nzima na zimeshagawiwa zikaisha, kuna aina mpya ndefuu inaitwa IPv6 lakini ya zamani bado ipoipo. Kampuni za simu nazo zinafanya mchezo huohuo, wateja kibao S.L.P. moja.

Nani anagawa namba za ndani? Rauta yenyewe, utaratibu unaitwa DHCP, simu inaingia inasema hodi nipe namba, inapewa. Ukiangalia kwenye kompyuta ukakuta namba yako inaanza na 169.254 ujue kompyuta ilipiga hodi haikujibiwa ikajipachika namba yenyewe. Dawa, sahau ule waifai uunganishe upya, ikigoma zima rauta hesabu mpaka thelathini washa. Usihesabu mpaka tano, watu wanapenda kudanganya hapa.

Sasa DNS. Hii ndo inayouma watu bila kujua. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba tu. Wewe ukiandika jina la tovuti, lazima kuna mtu aulizwe hilo jina liko namba ngapi. Ni kama ukipanda boda mjini ukisema nipeleke kiwanja namba 214 kitalu C anakushangaa, ila sema nipeleke kwa mama mwenye mgahawa wa sato karibu na kituo, anakufikisha hata umefumba macho. DNS ndo yule boda, anajua jina liko wapi. Akiumwa, barabara ziko wazi, nyumba ipo, mama yupo, ila hamna wa kukuelekeza. Kumbuka Oktoba 4, 2021, Facebook na WhatsApp na Instagram zilipozima kuanzia jioni hadi usiku. Watu huku walizima simu wakawasha, wengine wakanunua bando jipya, mimi niliuza vocha kama njugu siku ile na sijui kama nilitenda haki. Kumbe kosa lilikuwa kwao, walikosea wakati wa matengenezo wakajikata kwenye ramani ya intaneti, seva zao (kompyuta zao) za DNS hazifikiki, kwahiyo dunia nzima inauliza facebook.com iko wapi na hamna anayejibu.

Namna ya kupima iko hivi, na ukishika hii peke yake ushakuwa nusu fundi. Kwenye kompyuta ya Windows fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri. Amri yetu ni ping, yaani kupiga hodi uone kama utaitikiwa. Andika ping 192.168.1.1 bonyeza enta, hiyo kwa kawaida ni rauta yenu (kama siyo, andika ipconfig utaiona, ile ya mlango wa kutokea, Default Gateway, iko mwishomwisho). Ikirudisha majibu yenye ms (milisekunde), wewe na rauta mko poa. Kisha ping 8.8.8.8, hiyo ni namba ya Google huko nje. Ikijibu, njia ya nje ipo. Mwisho ping google.com. Sasa kama 8.8.8.8 imejibu na google.com imegoma umemkamata mwizi, ni DNS. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao sehemu ya DNS weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 badala ya ile iliyojipanga yenyewe, kwenye simu za Android tafuta DNS ya faragha uandike dns.google. Mara nyingi inapona palepale. Na kama ya kwanza kabisa haikujibu, tatizo liko ndani kwenu, usimsumbue mtu.

Spidi. Hapa niliumbuka mwenyewe. Nilifungiwa faiba ya Mbps 10, nikapakua faili la MB 700 nikategemea sekunde 70, likachukua dakika tisa na ushee. Nikaenda ofisini kwao nimekunja sura, wameniibia hao. Dada wa kaunta akaniuliza kwa upole, kaka b ndogo au B kubwa? Yaani nilitamani sakafu ipasuke. Spidi inauzwa kwa megabiti, b ndogo, na faili linapimwa kwa megabaiti, B kubwa, na baiti moja ni biti nane. Kwahiyo gawa kwa nane, Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde. Bando la simu lenyewe linauzwa kwa MB na GB, B kubwa, hilo halisemi chochote kuhusu kasi, ni ujazo wa ndoo sio upana wa bomba.

Halafu kuna kitu kingine watu wanakiita spidi kumbe sio, zile ms ulizoziona kwenye ping. Huo ni muda wa kwenda na kurudi. Chukua kivuko cha Kigongo-Busisi kabla ya daraja. Kivuko kinabeba magari mengi kwa mpigo, huo ni upana, lakini mpaka upange foleni, kipakie, kivuke, umechoka. Juni 2025 daraja likafunguliwa, gari lilelile mzigo uleule, ila kuvuka ni dakika chache tu. Ndo maana unaweza ukawa na Mbps kibao movie inatiririka vizuri, ila video call sauti inachelewa unaongea mnagongana, kwenye gemu ndo usiseme unapigwa risasi kabla hujamwona mtu. Movie inavumilia foleni, maongezi hayavumilii. Na umbali nao unachangia, data zetu nyingi zinashuka na mkongo wa taifa mpaka Dar, zinaingia nyaya za chini ya bahari, SEACOM imekuwepo tangu 2009 na EASSy tangu 2010, ndo ziende huko duniani. Mei 2024 hizo mbili zilipata hitilafu kwa pamoja, neti ikawa ya kuvizia mpaka huku ziwani ambako bahari hatuijui.

Vingine haraharaka. Data haziendi kwa bonge, zinakatwakatwa kuwa pakiti, kama unahama nyumba ukawapa mizigo boda kumi, huyu kapita Kenyatta yule kapita Makongoro, wakifika mnapanga upya kwa namba, aliyepotea anatumwa mwingine. Seva ni kompyuta ya mtu mwingine isiyozimwa. Brauza ni ile programu unayofungulia tovuti, Chrome na wenzake, watu wengi wanaita Google, siwagombezi. Kufuli kwenye brauza maana yake hamna anayechungulia njiani, haimaanishi mwenye tovuti ni mwaminifu, tapeli naye ana kufuli. Na paswedi ya rauta, sio ya waifai, ile ya kuingilia kwenye rauta yenyewe kupitia 192.168.1.1, kama bado ni admin na admin ibadilishe leo, kijana yeyote wa jirani anaijua.

Ukimaliza kupima ndo upige huduma kwa wateja, na usianze na mtandao hamna. Sema "taa ya LOS nyekundu tangu saa mbili, kebo nimekagua, nimezima na kuwasha", au "rauta inajibu, 8.8.8.8 haijibu". Mtu wa kwanza atakuambia uzime uwashe hata hivyo, mjibu tu ndiyo nimefanya, atakupitisha kwa anayejua. Ila kabla ya yote angalia kama kuna mjukuu karibu kawasha hotispoti.