Kuomba doktora ya saikolojia Marekani ukiwa bado L3 (mwaka wa tatu wa lisansi): somo kwa wanafunzi wa Lubumbashi

Mwanafunzi wa saikolojia wa hapa Lubumbashi akisikia neno doktora, anahesabu: masta miaka miwili, kisha miaka ya kuwa asistanti, kisha Mungu anajua. Hesabu hiyo ni sahihi kwa hapa kwetu, na kwa Ubelgiji na Ufaransa pia, kwa sababu huko bila masta hupokelewi. Marekani hawaendi hivyo. Idara nyingi za saikolojia huko humpokea mwenye lisansi tu, na mara nyingi masta anaipata njiani. Safari nzima ni miaka mitano au sita, zaidi kidogo kwa saikolojia ya kliniki, ambayo ina mwaka mzima wa staji (mafunzo ya kazini).

Tenganisha aina mbili mapema. PhD ni ya utafiti, na mara nyingi chuo hukufutia karo na kukulipa posho kwa kazi ya kufundisha au ya maabara. PsyD inaelekea zaidi kwenye tiba, na kwa kawaida mwanafunzi hujilipia. Kwa mtoto wa Katuba asiye na mjomba tajiri, tunazungumzia PhD.

Hatua ya 1: tafuta mtu, chuo kitafuata

Mara nyingi anayekuchagua ni profesa mmoja mwenye maabara, anayetaka mtu wa kufanya naye kazi miaka yote hiyo. Ndiyo maana mwenye 13 kwa 20 anaweza kuingia na mwenye 16 akabaki nje. Kuanzia mwezi wa 6, soma makala za watu wenye maswali yanayokaribiana na TFC yako (kazi ya utafiti ya kumalizia masomo), kisha fungua kurasa za maabara zao. Wengi huandika wazi kama mwaka huo wanapokea mwanafunzi mpya. Asiyepokea, mfute, hata chuo chake kiwe maarufu namna gani. Wakibaki watano au sita wanaokufaa kweli, wanatosha. Maombi kumi na matano ya kubahatisha ni pesa za kutupa.

Kati ya mwezi wa 7 na wa 9, mwandikie kila mmoja barua pepe ya maneno 150 hivi: wewe ni nani, umefanya utafiti gani, makala yake ipi inaingiliana na kazi yako, na je, anapokea mwanafunzi. Basi. Ile desturi yetu ya «J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance» (nina heshima ya kuja mbele ya wema wako mkuu), ukiitia kwenye Kiingereza, inasomeka kama barua ya matapeli. Wala usiombe pesa humo. Akinyamaza, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili. Akizidi kunyamaza, hajakukataa. Bado unaweza kumtaja kwenye maombi.

Hatua ya 2: karatasi

Hapa ndipo maombi ya kwetu hukwama, na kwa mambo madogo kabisa.

Jina kwanza. Sisi tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina la pili la kienyeji) na prénom (jina la mtu). Fomu zao hudai jina la mtu na jina la ukoo, bila nafasi ya postnom. Fuata pasipoti herufi kwa herufi, na uandike vilevile kwenye mtihani wa Kiingereza na kwenye kila fomu. Kama relevé (karatasi ya alama) ina postnom iliyokosewa herufi moja, nenda apparitorat (ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi) irekebishwe sasa, si mwezi wa 11. Tarehe nazo: 03/07 kwao ni tarehe 7 mwezi wa 3. Penye nafasi, andika mwezi kwa jina lake.

Alama usizigeuze mwenyewe. Kwetu 14 kwa 20 ni alama ya heshima. Ukiipiga hesabu ya shule ya msingi ili ifike kwenye kipimo chao cha 4, unapata 2,8, ambayo kwao ni dhaifu. Andika 14/20 jinsi ilivyo, na uombe kitivo karatasi fupi inayoeleza ngazi za alama zetu. Taasisi za kutathmini diploma, kama WES, zinalipisha. Ziendee tu kama chuo kimedai.

Halafu neno lisansi lenyewe. Zamani lilikuwa graduat miaka 3 na lisansi miaka 2 juu yake. Katika LMD (mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora) lisansi ni miaka 3, krediti 180. Digrii yao ya kwanza ni ya miaka 4, kwa hiyo vyuo vingine huikubali ya kwetu na vingine hukataa. Uliza ofisi ya udahili kabla ya kulipa chochote, na jibu liwe la maandishi. Profesa hawezi kuamua hilo.

Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, na nakala ya Kifaransa iambatane nayo.

Hatua ya 3: barua tatu

Kwetu profesa anakupa barua mkononi, ndani ya bahasha yenye muhuri. Huko haipiti mkononi mwako: mfumo unamtumia profesa kiungo kwa barua pepe, naye anaipandisha mwenyewe. Anayefungua barua pepe mara moja kwa mwezi atakuangusha bila kukusudia. Mwombe wiki sita kabla, mpe CV, TFC na tarehe za mwisho, na umwambie kiungo huenda kikaingia kwenye taka (spam). Chagua aliyekuona ukifanya utafiti, hata awe chef de travaux (mwalimu wa ngazi iliyo chini ya profesa). Barua ya mkuu wa kitivo inayosema tu «ana adabu na anafika kwa wakati» haikusaidii kitu.

Hatua ya 4: maelezo ya nia

Kurasa mbili hivi. Usianze na «tangu utotoni napenda kusaidia watu». Anza na swali lako la utafiti, kisha ulichofanya kwa mikono yako: ulihoji watu wangapi, kwa kipimo gani, ulichanganua kwa programu ipi (R na JASP ni za bure). Kama ulitia kipimo cha wasiwasi kwenye Kiswahili cha hapa, kisha mtu mwingine akakirudisha kwenye Kifaransa bila kuona cha asili, na mkalinganisha, eleza hayo yote. Hiyo ni kazi halisi, na wachache wanaoweza kuifanya.

Drew Appleby na Karen Appleby waliwauliza wakuu wa kamati za udahili wa saikolojia ni nini huua maombi, wakachapisha majibu mwaka 2006. Yalijipanga katika makundi matano: maelezo binafsi yanayokudhuru, barua za wadhamini zinazokudhuru, kutoijua programu unayoiomba, uandishi mbovu, na majaribio ya kujisifu yanayokwenda kombo. La kwanza lituguse sisi hasa. Vita na misiba uliyopitia si kigezo cha udahili. Itaje tu pale inapoeleza swali la utafiti.

Hatua ya 5: kutuma

Angalia kama idara inadai GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya juu; nyingi zimeiacha. Matokeo ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2. Tarehe ya mwisho huwa mara nyingi 1 mwezi wa 12. Usiku wa manane wa New York siku hiyo ni saa moja asubuhi ya tarehe 2 Lubumbashi, lakini usicheze na saa hizo: tuma siku tatu kabla, kwa sababu SNEL, kampuni yetu ya umeme, haisomi kalenda yako.

MASWALI

L3, Kasapa: Yaya, mwaka wetu wa masomo unavutika kama mpira. Nikikubaliwa na L3 haijaisha mwezi wa 8?

Kwa kawaida wanakupokea kwa sharti la kumaliza lisansi kabla ya kuanza. Kuahirisha si haki yako, na posho inaweza isikusubiri. Kama tarehe ya kutetea TFC haijulikani, omba mwaka unaofuata, huku ukifanya kazi ya utafiti.

Dada wa Kamalondo: Mimi nataka kutibu, si maabara.

Basi ni kliniki, dada, na ndiyo yenye ushindani mkali kuliko zote. Hakikisha programu imeidhinishwa na APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Doktora ya saikolojia ya jamii au ya utambuzi haikufungulii leseni ya kutibu. Na ujue utakaa na wagonjwa kwa Kiingereza mapema, si kusoma vitabu tu.

Kutoka Bukavu: Ada ya maombi ni dola nyingi, na kadi ya benki sina.

Andikia ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada, angalau wiki tatu kabla, ukieleza hali kwa mistari mitano. Usilipe kwanza ukitegemea kurudishiwa. Chuo kisicho na msamaha kwa wageni, kiweke mwisho wa orodha.

Kampemba: Mukubwa, wakinikubali na kunidai jibu ndani ya wiki moja?

Vyuo vilivyosaini makubaliano ya Council of Graduate Schools (baraza la vyuo vya masomo ya juu) huacha mwanafunzi aliyepewa ufadhili afikiri hadi tarehe 15 mwezi wa 4. Orodha iko kwenye tovuti yao. Chuo chako kikiwemo, jibu kwa upole ukitaja tarehe hiyo.