Namna ya Kuusikiliza Mlio wa Rory Gallagher na Kuukaribia Ukiwa Mwanza

Mpiga gitaa wa Mwanza anayependa bluzi na roki, awe yuko katika bendi ya dansi Kirumba au katika kikundi cha vyombo vya kanisani Nyegezi, atafaidika sana akimsikiliza Rory Gallagher kwa utaratibu. Mwanamuziki huyo wa Ireland, aliyezaliwa Ballyshannon mwaka 1948, akakulia Cork na kufariki London tarehe 14 Juni 1995 akiwa na umri wa miaka 47, alijenga mlio mpana na wenye nguvu kwa vifaa vichache mno, na ndiyo maana inawezekana kuukaribia bila kuagiza shehena ya pedali, yaani visanduku vya kubadili mlio vinavyokanyagwa kwa mguu, kutoka nje.

Anza na rekodi za jukwaani, uziache za studio kwa baadaye, kwa kuwa mbele ya watu ndipo alipopiga kwa uhuru wake wote. Ninayoipendekeza kuliko zote ni Irish Tour '74, iliyorekodiwa Januari 1974 katika miji ya Belfast, Dublin na Cork, kipindi ambacho wanamuziki wengi waliikwepa Belfast kwa sababu ya mapigano, ilhali yeye aliendelea kwenda kuwapigia watu wa pale. Tumia spika za masikioni. Mara ya kwanza fuata besi ya Gerry McAvoy na ngoma za Rod de'Ath pekee, ukiacha gitaa lipite, ili ujue ardhi anayokanyagia. Mara ya pili lifuate gitaa katika wimbo "A Million Miles Away", ukizingatia jinsi anavyolishusha hadi likawa karibu na mnong'ono, kisha akalipandisha taratibu mpaka likajaza ukumbi mzima. Kwangu mimi, uwezo huo wa kupanda na kushuka unastahili kusifiwa kuliko kasi ya vidole vyake, ambayo nayo si haba.

Gitaa lake maarufu ni Fender Stratocaster ya mwaka 1961, aliyoinunua katika duka la Crowley's mjini Cork mwaka 1963 kwa pauni 100, akiwa na miaka 15. Rangi yake ilibanduka kwa miaka mingi ya kupigwa hadi mbao zikabaki wazi, na wapo wanaoparua magitaa yao ili yafanane na lile, jambo lisiloongeza chochote katika mlio. Kinachohitajika ni gitaa la umbo hilo lenye pikapu (vinasa mlio vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) tatu za koili moja moja, hata likiwa la bei ndogo, mradi shingo yake imenyooka na vifundo vya sauti na toni vinazunguka bila kukwaruza. Kwa kuwa hewa ya ziwa ina unyevu na nyuzi hupata kutu mapema, zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga.

Siri ya mlio wake wa miaka ya sabini ya mwanzo imo katika vitu viwili: amplifaya ya Vox AC30, yenye wati 30 na valvu, yaani taa za kioo zinazokuza sauti, na kisanduku kidogo cha kifundo kimoja kiitwacho Dallas Rangemaster, kilichowekwa kati ya gitaa na amplifaya. Kapasita ndogo (kipuri kinachohifadhi umeme) iliyo mwanzoni mwa sakiti ya kisanduku hicho hupunguza sauti nzito, kisha transista moja (kipuri cha kukuza mkondo) hukuza zile zilizobaki, hasa nyembamba, hadi valvu za amplifaya zielemewe na kuanza kukwaruza. Kwa vile besi imeshapunguzwa kabla ya hapo, mkwaruzo haugeuki kuwa matope, na kila uzi husikika peke yake.

Fundi redio mwenye uzoefu anaweza kukutengenezea kisanduku cha namna hiyo, kwani vipuri vyake ni transista moja, rezista na kapasita chache na betri ya volti 9. Mweleze mambo mawili. La kwanza, transista ya awali ilikuwa ya jerimaniamu, ambayo huvujisha mkondo zaidi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo katika mchana wa joto wa Mwanza inaweza kubadilika tabia. Ya silikoni hutulia zaidi, ingawa mlio wake ni mkali kidogo na sakiti itahitaji kurekebishwa. La pili, katika sakiti ya awali upande chanya ndio uliounganishwa na ardhi, hivyo kisanduku kiwe na betri yake chenyewe, kisichangie adapta na pedali nyingine.

Kwa chumba cha nyumbani, amplifaya ya valvu ya wati 5 inatosha kabisa. Ukinunua iliyotumika kutoka Marekani, hakikisha kwanza imebadilishwa kutoka volti 120 kwenda 230, na usiifungue mwenyewe, kwa sababu kapasita zake huhifadhi umeme wa mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Panapotumika jenereta, hakikisha waya wa ardhi upo kabla ya kugusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja.

Kinachobaki ni mkono, na hapo ndipo pa kutumia muda mwingi. Weka amplifaya mahali inapokwaruza sauti ya gitaa ikiwa imefunguliwa yote, kisha punguza kifundo cha gitaa hadi mlio usafike, ujizoeze kupiga ubeti kwa sauti safi na solo kwa sauti kamili bila kugusa kitu kingine. Zungusha kifundo cha toni wakati noti bado inalia, kama Gallagher alivyozoea kufanya, usikie inavyofunguka na kufumba. Halafu shika piki, kile kibao chembamba cha kupigia nyuzi, karibu na ncha, ukiruhusu ubavu wa kidole gumba uguse uzi mara tu baada ya kuupiga, mpaka noti itoe mlio mwembamba wa juu. Sogeza mkono kidogo kidogo kuelekea shingoni au daraja, maana sehemu inayotoa mlio huo hubadilika kila unapohama freti.