Kufuatilia mgawanyiko wa seli hai: kutoka hadubini hadi jedwali

Tunatumia seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazooteshwa maabara) zenye histoni H2B, protini inayofungasha DNA, iliyounganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani, hivyo viini hung'aa kijani bila kutiwa rangi. Hoechst, rangi ya DNA, waachie wenye seli zilizouawa na kukazwa kwa kemikali: mwanga wake, karibu na urujuanimno, huumiza DNA na mgawanyiko husimama.

1. Otesha seli kwenye sahani ya kitako cha kioo namba 1.5 (unene mm 0.17). Siku ya kupiga picha, weka maji ya lishe yasiyo na fenoli nyekundu (rangi ya kuonyesha asidi). Nayo hung'aa, ikafifisha viini.

2. Washa chumba cha joto mapema: nyuzi 37, kaboni dioksaidi asilimia 5. Vyuma vikiwa bado vinatanuka, fokasi huhama na picha za mwanzo ni za kutupa.

3. Lenzi 20×, NA (kipimo cha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga) 0.75. Kamera ya pikseli za mikromita 6.5 inakupa mikromita 0.325 kwa pikseli, na kiini cha mikromita 15 kinakuwa na upana wa pikseli 46. Kwa kuhesabu, yatosha. Wanaokimbilia 60× hupata seli chache na kuziunguza zaidi.

4. Piga picha kila dakika 5 kwa saa 24. Punguza mwanga hadi picha ianze kutoa chenga. Programu huzivumilia, seli hazivumilii mwanga. Hifadhi TIFF ya biti 16, kamwe si JPEG. Kwa kamera ya 2048×2048, tenga GB 2.5 kwa kila eneo.

5. Katika Cellpose 3, programu ya kutambua seli kwenye picha, chagua modeli ya "nuclei" (viini), kipenyo pikseli 46.

6. Peleka matokeo TrackMate, kifaa cha kufuatilia kila kiini picha hadi picha, ndani ya Fiji (programu ya kuchakata picha). Umbali wa kuunganisha uanzie mikromita 10, na uruhusu njia kugawanyika, la sivyo kila seli binti itaonekana ngeni.

Maswali

*Viini viwili vinahesabiwa kimoja.*
Mara nyingi kipenyo ulichoandika ni kikubwa. Kishushe hadi 38, ujaribu picha tano kwanza.

*Baada ya saa kadhaa seli zinaviringika na hazigawanyiki.*
Tazama eneo la sahani hiyohiyo ambalo hukulipiga. Huko seli ni zima? Basi ni mwanga. Nako zimekwama? Kagua gesi, na kama maji yamepungua.

*Sina kadi ya michoro.*
Cellpose itakwenda, ila polepole. Iache usiku kucha.