Wakwe wa Kimeksiko wakija Mwanza, msiwapokee kizungu

Kosa la kwanza hufanyika kabla ndege haijatua. Watu wakisikia wageni wanatoka Marekani, wanaandaa mapokezi ya Mzungu: chumba cha peke yake Capri Point, kisu na uma, watoto wafukuzwe sebuleni. Familia yenye asili ya Meksiko, hata ikiwa imeishi Texas miaka mingi, mara nyingi ni watu wa ukoo kama ninyi. Bibi akikuta nyumba imenyamazishwa kwa ajili yake, atadhani kuna msiba au hatakiwi.

Anzeni na majina. María López García ana majina mawili ya ukoo: López la baba yake, García la mama yake. Linaloshika nafasi ya ukoo ni López. Ukimwekea chumba kwa jina la García kwa kuwa ndilo la mwisho, mapokezi watamtafuta wasimwone. Halafu mwanamke wa Meksiko kwa kawaida habadili jina akiolewa, kwa hiyo msianze kunong'ona kwamba wazee hawa hawakufunga ndoa. Tiketi iandikwe kama pasipoti ilivyo.

Shikamoo hawana, ila wana njia yao ya kumheshimu mkubwa: "doña María", "don José", na "usted", yaani "wewe" ya heshima, badala ya "tú", ile ya kawaida. Mwanamke huwabusu watu shavuni mara moja, mwanaume akiwemo. Kwenye ukoo unaoshika miiko ya mkwe, mtafsiri aonye mapema kwamba mkono unatosha. Akisubiri hadi mlangoni amechelewa.

Mahari yaelezeni kabla ng'ombe hawajatajwa, la sivyo watasikia "bei". Pa kuanzia papo: kwao wazazi wa kijana huenda kuomba mkono wa binti, na kanisani bwana harusi humkabidhi mkewe sarafu 13 ziitwazo arras. Michango pia wanaijua, ila padrino, yaani mdhamini wa harusi, hubeba gharama ya kitu kimoja, pete au keki. Badala ya kumpa mgeni kadi ya mchango, mwulizeni angependa kubeba nini.

Ugali wa mkono na sato wa kukaanga, ndimu na pilipili pembeni, havitawasumbua. Tortilla, chapati yao nyembamba ya mahindi, ndiyo mtihani: unga wa sembe ukiukanda kwa maji unapasuka tu, kwa sababu mahindi hayakupikwa na chokaa. Chukua mahindi meupe makavu kilo 1, maji lita 3 na chokaa ya chakula gramu 10 (ya kupaka ukuta, hapana). Chemsha polepole hadi ganda liteleze kati ya vidole, acha yalale usiku kucha, osha vizuri, kisha saga yakiwa na unyevu kwa mashine ya mkono. Usiyapeleke kwenye mashine ya sembe, yataganda kwenye chekecheo.

Wajukuu waliozaliwa Marekani ni habari nyingine. Hao wanataka ratiba, na mlango wao ubishwe hodi. Ukisema "Umenenepa!", Bibi atacheka, maana kwao "gorda" (mnene) ni neno la mapenzi, ila mjukuu atanuna siku nzima.

Chakula kikuu chao huliwa kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kisha hubaki mezani wakipiga soga, wanaita sobremesa. Msitoe vyombo haraka, na gari la kuwarudisha liagizwe saa kumi na mbili.