Namna ya Kuitibu Hasira kwa Njia ya Matabibu wa Nafsi

Abu Bakr al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy katika nchi ya Uajemi, aliandika kitabu cha tiba ya nafsi chenye milango 20 ili kiende sambamba na kitabu chake cha tiba ya mwili, akizitazama tabia mbaya kama maradhi yenye chanzo, dalili na dawa. Hapa tutashika ugonjwa mmoja tu, hasira, kwa sababu ndio unaotuelemea Mombasa: kwenye foleni ya feri Likoni, Marikiti, na zaidi ya kote majumbani mwetu, Ramadhani jioni kabla ya adhana ya Magharibi.

Kwanza, fahamu unachokitibu. Al-Razi hakutaka hasira ing'olewe, kwani aliona imewekwa katika maumbile ili kiumbe ajikinge na anayemdhuru. Maradhi ni pale inapopita kiasi ikamwumiza mwenyewe kuliko aliyekasirikiwa. Ametaja habari ya mama yake Galen, tabibu wa Kiyunani, ambaye kufuli likimshinda kulifungua alilirukia akaliuma kwa meno.

Pili, usijipime peke yako, kwa kuwa mtu huipenda nafsi yake na mapenzi humficha aibu zake. Mtafute mwenye akili anayeshinda nawe sana, umwombe akuambie ukweli, na akisema haoni kasoro umshikilie tena. Atakapokuambia, mwoneshe furaha, maana ukinuna mara moja tu hatarudi kukueleza. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliongeza kuwa hata ndimi za maadui zina faida, kwani adui hatoi sifa za bure. Kwa maoni yangu, usimchague unayemdai, wala mke au mtoto anayekuogopa. Mzee wa barazani asiyehitaji chochote kwako anafaa zaidi.

Tatu, itayarishe dawa ungali mzima. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyeandika juu ya tiba ya mwili na nafsi na kufariki mwaka 934, alishauri kwamba fikra za kutuliza nafsi zikusanywe wakati wa utulivu, kama vile mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla. Kaa baada ya Alasiri, uandike hasira ya mwisho ilikupotezea nini, nani alivunjika moyo, na kosa lenyewe lilikuwa na uzito gani, kisha uyasome maandishi hayo mara kwa mara mpaka yakujie bila kuyatafuta.

Nne, hasira ikishapanda, fuata mafunzo ya Mtume: uliyesimama keti, na isipoondoka, jilaze, kutia udhu pia kumepokewa katika hadithi. Adhabu yoyote unayokusudia kuitoa, iahirishe mpaka uweze kuifikiri.

Tano, tibu kwa kinyume, na hapa ndipo pagumu. Al-Ghazali anasimulia habari ya mtu aliyekuwa akimlipa mwingine amtukane mbele ya watu ili ajizoeze upole. Wakazi wa mji huu hawana haja ya gharama hiyo. Utingo wa matatu atakutolea matusi hayo bure. Hata hivyo, kipimo kizingatiwe, kwa kuwa al-Ghazali huyo huyo ameonya kwamba tabibu anayewapa wagonjwa wote dawa moja huwaua walio wengi. Mwenye hasira kali na aanze na jambo dogo, mfano kunyamaza chai inapochelewa, kabla ya kujaribu kulistahimilia jambo kubwa kama deni alilodhulumiwa.

Mwisho, usiusahau mwili. Al-Balkhi alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu, akaona hii ya pili inatokana na hali ya mwili na inahitaji pia tiba ya mwili. Kwa hiyo, ikiwa hasira yako imefuatana na kukosa usingizi, moyo kwenda mbio au huzuni isiyokwisha, nenda hospitali ukamweleze daktari yote, na uradi wako uendelee nao kama kawaida.